Kalori za Mkono wa Kulia

12 Januari

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima wa mwili na wa roho. Sisi hapa hatujambo. Shangazi yako bado anauza mikate dirishani na kugombana na wateja, na tanuri linawaka kama ulivyoliacha. Mgonjwa ni goti langu tu, la kulia.

Nilikwenda kwa daktari wa mifupa. Kijana, lakini ana adabu. Aliitazama picha akasema goti limesagika, dawa yake ni kuweka jipya. Nikamwambia weka. Akasema hawezi mpaka nishuke chini ya kilo mia moja, nami nina mia moja na tisa. Amenipa hadi mwezi wa saba. Nikishindwa, nafasi yangu anapewa mwingine, nami narudi nyuma ya foleni kungoja mwaka mzima. Mwanangu, mwaka mzima siuwezi. Hata sasa nachomoa mikate huku nimeegemea ukuta. Nikishindwa kusimama, tanuri hili litakuwa la mtu mwingine.

Wewe ndiye unayelipwa kuwarusharusha watu wazima na kuyaita mazoezi. Kazi hiyo sikuipenda, unajua, nilitaka ubaki ukande unga na mimi. Lakini mhitaji mtumwa. Nifundishe.

Baba yako


2 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kazi inaendelea, na baridi ya huku nimeizoea. Pole sana na goti. Mpe shangazi salamu zangu, na wateja wake wape pole.

Huko "kuwarusharusha" nimesomea miaka miwili, nina cheti ukutani. Nina mteja aliyekuja akihema kwa kufunga kamba za viatu, leo anapanda ngazi hadi ghorofa ya nne akiniimbia. Basi na wewe utaweza.

Nakutumia saa ya mkononi. Inasikiliza mapigo ya moyo na mwendo wako, kisha inakuambia umechoma kalori ngapi. Kalori ni kuni za mwili. Unachokula unaziingiza, ukijishughulisha unazichoma, zinazobaki unazibeba tumboni. Shabaha yako ya mazoezi ni kalori mia mbili kwa siku. Tembea taratibu, na goti likilalamika kaa kwenye kiti unyooshe miguu mmoja mmoja. Usidharau hiyo mia mbili. Shabaha nzuri ni ile unayoifikia hata siku umeamka umechoka. Na siagi, baba, ipunguze.

Mwanao


1 Machi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Tunamshukuru Mungu kwa uzima. Saa imefika, nimeivaa mkono wa kulia, hata bombani naogopa kuilowesha.

Mia mbili ulizonipa ni za wagonjwa. Jana jua lilikuwa halijatoka nikaangalia, mia saba! Kufika adhuhuri nilikuwa na elfu moja na ushee. Nimejiwekea shabaha yangu mwenyewe, elfu moja kila siku, na hakuna siku nimeikosa. Shangazi yako anawasomea wateja dirishani, nao wananipigia makofi. Fundi viatu wa jirani, mwembamba kama uzi wake, ameomba kuijaribu nikamkatalia.

Tena nakula kwa amani. Mtu aliyechoma elfu hawezi kunyimwa kipande cha mkate wa moto na siagi juu yake. Saa imeruhusu. Alhamisi ijayo napanda mizani ya daktari. Nakuona unavyojivuna huko, na leo nakuruhusu ujivune.

Baba yako


15 Machi

Mwanangu,

Salamu. Sisi wazima.

Mizani imesema mia moja na kumi na moja. Nimeongezeka. Daktari aliniuliza kwa upole kama kweli nafanya mazoezi, na upole wake uliniuma kuliko goti. Nikamwonyesha saa, akatabasamu. Nimetoka pale nimeinamisha kichwa, mimi niliyetangazwa dirishani mwezi mzima.

Njia ya mwongo ni fupi. Saa yako mwongo, na hiyo kazi yako naona ni ndugu yake.

Baba yako


29 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila barua yako ilinikalia kifuani siku nzima. Shangazi hajambo?

Nilijiuliza, kalori mia saba kabla ya jua kutoka zimetoka wapi? Saa hizo wewe huendi popote, uko kwenye meza ya kukandia. Nikanunua unga kilo mbili, nikavaa saa kama yako mkono wa kulia, nikakanda. Sikuinua unyayo, baba. Saa ikaniambia nimetembea hadi mji wa pili. Nilicheka mpaka unga ukaniingia puani, na jirani akagonga ukuta.

Kukanda ni jasho la halali, sikatai. Lakini mwili wako umezoea kukanda kwa miaka thelathini, na saa inaudhani mkono wako kuwa miguu. Kosa hilo nagawana nawe. Mwoka mikate nilimpa saa ya mkononi nisikumbuke mikono yake, na mikono hiyo ndiyo iliyonilea.

Tuanze upya. Ukigusa unga, vua saa. Ile baiskeli ya kupelekea mikate iliyolala stoo, itoe, uisimamishe juu ya kreti mbili ili gurudumu la nyuma lizunguke hewani. Unga ukishakandwa, ukawa umefunikwa unaumuka, nawe huna kazi. Hapo vaa saa, ibonyeze kwenye alama ya baiskeli, piga pedeli polepole. Mia moja na hamsini kwa siku, basi. Ongeza hamsini tu ukiwa umemaliza wiki nzima bila kukosa. Na ulichochoma usikirudishe mdomoni. Saa haitoi ruhusa ya siagi.

Neno la mwisho. Saa itukane utakavyo. Kazi yangu usiitukane. Mkate ukikuungulia sijawahi kukusikia ukisema uokaji ni uongo. Unaoka mwingine.

Mwanao


6 Juni

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Nilikuandikia tena mwezi wa tano na hukujibu. Simu ya shangazi inaita, akipokea anasema "yupo", kisha anakata. Kama ni kununa, nakujua, nitangoja. Kama ni goti, niambie. Mwezi wa saba huo umekaribia na sijui kama umeinua hata mguu mmoja. Sitaki kushinda mabishano. Nataka usimame mbele ya tanuri lako.

Mwanao


9 Julai

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, na tena marahaba kwa zile shikamoo zote nilizokaa nazo. Natumaini u mzima. Sisi hapa wazima kabisa, na shangazi yako nilimfunga mdomo mimi, usimlaumu.

Wiki ya kwanza nilinuna kweli. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu lilishavunjika, mkuu mwenyewe nimemzaa. Nikaitoa baiskeli. Siku ile ya kwanza nilipata kalori arobaini, nikashuka natetemeka. Baba yako wa elfu moja. Ningekuandikiaje arobaini? Nikaapa sitaandika mpaka niwe na cha kuandika.

Mia na hamsini yako ilinishinda, nikajipa themanini, ile ninayoiweza nikiwa nimechoka. Wiki ikaisha sijakosa, nikapanda. Shangazi yako alikuwa akipita uani ananiuliza, "Kaka, unakwenda wapi na hufiki?" Namjibu, "Nakwenda kwa daktari." Mwezi wa tano nilifika mia mbili, wa sita mia tatu. Wateja wakasema mzee ameshuka, zamani alikuwa elfu. Nikawaambia zile zilikuwa za mkono, hizi ni zangu. Sahani yangu nimeikata nusu, siagi sijaionja tangu Aprili, na usiniulize ilivyoniuma.

Jana nilipanda mizani. Tisini na nane. Daktari akaniomba nishuke nipande tena. Tisini na nane. Akanipa tarehe, ishirini na tatu mwezi wa nane.

Kisha akauliza ni nani aliyenipangia mazoezi. Nikamwambia binti yangu, ni mwalimu wa mazoezi, ndiyo kazi yake. Nilisema kwa sauti mpaka waliokaa kwenye benchi nje wakageuka, na sikupunguza. Akasema vizuri, kwa sababu goti jipya halijui kitu, mtu hujifunza kutembea upya, na hospitali ina mtaalamu wake lakini nyumbani itabidi awepo wa kunishika kila siku. Anaandika huku ananiuliza, yupo?

Wewe ulijifunza kutembea kati ya magunia ya unga, umenishika vidole viwili, na ulikuwa huniachii hata nikitaka kufungua tanuri. Nikamjibu daktari yupo, yuko mbali lakini atakuja. Nimeahidi bila kukuuliza, kwa hiyo omba ruhusa kazini kwako. Waambie baba yako ni mteja wako. Wa kunishika simtaki mwingine.

Baba yako