Ng'ombe Mmoja, Watu Wawili

Moshi mjini, Jumatano

Mume wangu Zakaria, mpenzi wa roho yangu,

Umeamkaje huko Songea, na chakula unakula? Mimi mwili mzima, ila moyo niliuacha kwako. Miezi miwili ya ndoa, na bado nikiandika "mume wangu" natabasamu peke yangu ofisini.

Sasa nikueleze kilichonivuruga. Meneja wa ushirika wetu wa maziwa aliniahidi likizo nikimaliza kutengeneza majedwali ya kompyuta kwa SQL, lugha ya kuhifadhia kumbukumbu, moja la wafugaji na moja la ng'ombe. Nikaandika CREATE TABLE, amri ya kuunda jedwali, kwa maringo. Kila ng'ombe na namba yake ya hereni, isijirudie. Kila ng'ombe na mwenyewe mmoja, ambaye lazima awemo kwenye jedwali la wafugaji. Nikawajaza wote kwa wiki tatu, nikachapa kadi za kupokelea maziwa, nikakata tiketi ya basi la kuja kwako.

Jana akaja Mama Ndeshi kutoka Machame. Ng'ombe anayemkamua miaka sita kadi yake imetoka kwa jina la jirani, na maziwa yake yamekataliwa. Nikampa shikamoo, nikamwambia kompyuta inaonyesha ng'ombe si wake.

"Kwani nimesema wangu?" akajibu. "Anakaa kwangu. Maziwa na mbolea vyangu, ndama wa mwenyewe. Kwenu hakuna ng'ombe, binti?"

Ofisi nzima ikacheka. Kumbe huku mtu humweka ng'ombe wake kwa mwenzake amtunze, na walio hivyo ni wengi mno. Nilimwelewa upesi, maana hata wewe ni wangu lakini unakaa kwa mama yako.

Nikajaribu kuandika majina mawili pamoja kwenye nafasi ya mwenyewe. Kompyuta ikakataa, haimjui mfugaji mwenye jina hilo. Nikamwingiza ng'ombe mara mbili. Ikakataa, namba imejirudia. Kukataa kwenyewe nimeifundisha mimi, Zakaria. Nililia chooni.

Mama Ndeshi nimemwandikia kadi kwa mkono. Jedwali la ng'ombe nimelifuta, nimetengeneza jipya lenye mwenyewe na mtunzaji, pote pasiachwe wazi. Ni sahihi sasa, na ni tupu. Nani anakaa na ng'ombe gani hakuna aliyewahi kuandika, kwa hiyo napanda Machame kuuliza nyumba kwa nyumba. Meneja kasema likizo mpaka lijae.

Mama mkwe mpe shikamoo yangu. Wifi Tekla, aliyenisuka siku ya harusi, mwambie nywele zimefumuka zote.

Tiketi nimeirudisha. Jumamosi usiende stendi, mpenzi.

Mkeo anayekuwaza mchana kutwa,
Veronika