Mkate wa Ufuta na Simu Isiyolia

Mwanangu wa pekee,

Salamu nyingi, ingawa zako sizioni. Mtaani kwetu wanawake waliohamia kutoka nchi za mbali wamefungua bekari yao ya pamoja. Mikate yao, we acha tu! Ule wa ufuta naumaliza kabla chai haijapoa. Anayeniletea ni mwokaji mmoja mwenye kicheko kikubwa. Kila siku humpigia mama yake simu huku akikanda unga. Mimi simu yangu naichaji ya nini, sijui.

Juzi niliteleza bafuni. Usishtuke, ni nyonga tu iliyovunjika. Yeye ndiye aliyenikuta, akaita teksi, akanipeleka hospitali na unga ungali mikononi.

Nesi akauliza, "Ndugu wa mgonjwa ni nani?"

"Mimi," akajibu. "Huyu ni mama yangu."

Nesi akatutazama kwa zamu, kisha akanigeukia. "Ni kweli, bibi?"

Nilitaka kusema ninaye mwana, yuko ng'ambo, ana kazi nyingi, atapiga. Lakini nimechoka kukutetea, baba. Nikasema, "Ndiyo. Ni binti yangu."

Ni mimi,
Mama yenu