Pumba Chunguni kwa Bi Mwanaidi

Zizi la Kunenepesha,
Handeni.

Mama Zuhura, mke wangu,

Naomba barua hii iwakute wewe na Zuhura mkiwa wazima, na kile kifua kilichokuwa kikikusumbua kimekuachia. Baridi ya huko milimani Bungu naijua. Mimi mwili ni mzima, ila moyo hautulii, na ndiyo maana nakuandikia kabla Ijumaa haijafika.

Huku jua limeunguza mahindi yote yakiwa bado ya kufika magotini. Watu wanakula mara moja kwa siku, wengine hata hiyo hawaipati. Lakini hawa ng'ombe wa kijiji ninaowanenepesha wanakula asubuhi na jioni. Lori linatuletea pumba kutoka mashine za Korogwe, mashudu ya pamba, na molasi kwenye mapipa. Nachanganya kwa sepetu, wanakula mpaka wanaacha. Migongo imekuwa mipana, ngozi zinang'aa. Nikipita kijijini naona aibu kuwatazama watu.

Mwezi uliopita alinijia Bi Mwanaidi, mjane anayekaa jirani na zizi pamoja na wajukuu wake wawili. Akasimama mlangoni mwa ghala.

"Mwanangu, nipe pumba kidogo nipepete, nikoroge uji."

Nikamwambia ni za ng'ombe wa kijiji.

"Na mimi ni wa wapi?" akaniuliza.

Nikampimia nusu debe. Tangu hapo akawa anakuja kila baada ya siku chache, nami nampa.

Jumatatu iliyopita Bwana Mifugo akaleta yuria, ile mbolea nyeupe. Akanionyesha jinsi ya kuitia kidogo kwenye chakula, eti ng'ombe anajaza nyama upesi. Akanionya, "Ng'ombe ana tumbo lake. Mtu asionje hii." Nikachanganya, nikaacha rundo juu ya turubai, nikawapeleka ng'ombe lamboni kunywa maji. Niliporudi nikakuta rundo limechotwa ubavuni, alama za vidole zinaonekana.

Nilikimbia kama mwehu. Nikamkuta Bi Mwanaidi anakwangua chungu.

"Hizi umezitoa wapi?"

"Kwako. Hukuwepo, nikachota mwenyewe. Za leo tamu, watoto wamezifurahia."

Utamu ule ulikuwa molasi. Nilipomweleza kilichomo akakaa chini palepale, mikono kichwani. "Nimempa na jirani," akasema.

Jirani alikuwa hajapika bado, nikamwaga zote. Lakini nani mwingine alichota? Sikujua. Ningeweza kunyamaza, Mama Zuhura, na nilifikiria hivyo. Kisha nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, nikamwomba ipigwe mbiu. Watu walipokusanyika nikasema yote, pamoja na pumba nilizotoa kwa mkono wangu.

"Kumbe umekuwa ukigawa?" mwenyekiti akaniuliza.

"Ndiyo, mzee."

Hakuna mwingine aliyekuwa amechota. Lakini wale watoto walitapika mpaka wakalegea. Tukawapakia kwenye lori la pumba kuwapeleka hospitali. Jana wamerudi wanatembea wenyewe, Mungu ashukuriwe.

Bwana Mifugo amenichukulia ufunguo wa ghala. Ijumaa wanakuja wakubwa kutoka wilayani kunihoji. Bi Mwanaidi alimfuata huyo Bwana Mifugo akamwambia, "Mwizi ni mimi, niandike mimi." Bwana Mifugo akafunga daftari lake, akaondoka bila kuandika. Sijui hiyo maana yake nini. Wapo wanaosema nitafukuzwa, wapo wanaosema nitafungwa.

Najuta kuliacha rundo lile wazi. Lakini zile nusu debe za mwanzo, nimejitafuta moyoni, sizijutii. Ijumaa wakiniuliza nitawaambia hivyohivyo, na hilo ndilo linalonitia hofu.

Usifunge mizigo ya kunifuata kwanza. Akitokea mtu wa kushuka huku, mpe mkungu wa ndizi awaletee wale watoto.

Nisalimie mama mkwe, na shemeji fundi cherehani, na mwalimu wa Zuhura. Baba mpe shikamoo yangu. Akiuliza kazi inaendaje, mwambie ng'ombe wananenepa. Hilo si uongo.

Ni mimi mumeo,
Baba Zuhura