Benki Isiyojua Kusalimia

Nyumba ya Kinyozi,
Nyuma ya Soko,
Jumatano asubuhi.

Mpendwa mdogo wangu,

Hujambo huko uliko? Kile kifua kimetulia? Sisi wazima, ila macho ya mama yamezidi ukungu. Jumapili alilisalimia gauni nililotundika mlangoni, akidhani ni mteja. Tulicheka, kisha mimi nikaenda kulia jikoni.

Pesa ulizotuma za upasuaji wake bado ziko benki, ila zimeponea chupuchupu.

Juzi iliingia barua pepe yenye nembo ya benki yetu, safi kabisa. Eti akaunti itafungwa kabla ya jioni, tubonyeze maandishi ya bluu tuandike namba ya siri. Shemeji yako, unamjua kwa adabu, akaacha kichwa cha mteja nusu kimenyolewa, akajibu: “Hamjambo hapo benki? Poleni na kazi. Watoto hawajambo?” Mtu mzima na ndevu zake anawajulia hali wezi!

Wakajibu: “Tuma namba ya siri sasa hivi.” Hata “salama” hakuna. Yeye akahuzunika, akidhani amewaudhi. Mimi machale yakanicheza. Benki inayotujua kwa majina, leo inatuita “Mteja” tu? Nikatazama anwani ya mtumaji: vurugu ya herufi na tarakimu, jina la benki halimo. Nikampokonya simu, nikaenda benki kwa miguu yangu. Karani akaniambia benki haimwombi mtu namba ya siri hata siku moja, na yale maandishi ya bluu tusiyaguse kabisa.

Sasa sikia lililonishikisha kalamu. Jana imeingia barua pepe nyingine, kwa jina lako. Eti umelazwa, kifua kimezidi, nitume pesa zote za mama kwenye akaunti nisiyoijua, tena upesi. Nikakupigia, hupatikani. Mdogo wangu, sikulala. Kama ni kweli, nimekutupa.

Lakini humo kwenye barua pepe mama hukumuulizia. Wewe, usiyeomba hata chumvi kabla hujasalimia nyumba nzima! Sikutuma.

Mama anakusalimu sana. Hajui lolote, na usimwambie. Shemeji yako na wapwa zako wanakusalimu pia. Mungu akukinge na maradhi na watu wabaya.

Ukipata barua hii, piga simu. Ukianza na shida, nakata. Anza na mama, nitajua ni wewe.

Dada yako akupendaye, anayesubiri salamu yako.