Pale Ngoma Zinaponyamaza

Jumatatu, 7 Julai 1986

Mvua tangu alfajiri. Rangoon yote inanuka nguo mbichi. Nimefika kazini nikakuta kanda mpya juu ya meza yangu — ya Lin Thant! Nikabaki naitazama tu. Shangazi Kyin, mpiga chapa wa meza ya pili, akatema tambuu kwenye kopo lake: "Ifungue basi, mwanangu. Kanda haiposwi."

Kazi yangu si ngumu kueleza. Mwanamuziki analeta kanda pamoja na maneno ya nyimbo zake yaliyopigwa chapa. Mimi navaa visikilizio, nafuata neno kwa neno, nathibitisha kwamba anachoimba ndicho alichoandika. Kisha mkuu wetu, U Tha Zan, ambaye sote tunamwita Saya, yaani mwalimu, anasoma. Anasoma tu, hasikilizi kamwe. Anakata kwa wino mwekundu au anagonga muhuri. Bila muhuri kanda haiuzwi. Na muhuri ukigongwa vibaya kuna watu wanapotea. Mama huwaambia majirani kwamba nalipwa kusikiliza muziki.

Nyimbo kumi. Upande wa kwanza mzuri. Besi safari hii haikujificha nyuma ya kinanda kama kwenye albamu iliyopita. Inatembea mbele, kifua wazi. Wimbo wa pili mrefu bure. Kwenye wa nne gitaa linalia mpaka unataka kulipatia leso. Upande wa pili, wimbo wa tatu: "Baba, Nifungulie." Kijana yuko nje, mvua inampiga, anamwomba baba wa mpenzi wake amfungulie mlango. Fimbo nne za mpiga ngoma — tak, tak, tak, tak — kisha gitaa.

Mwili ulinisisimka wote. Naujua!

Si wa kwake. Hilo pekee si ajabu, nusu ya nyimbo zetu ni mahadhi ya kigeni yaliyovishwa maneno ya Kiburma. Lakini huu umetoka kwenye kanda yangu ya bluu, ya wale vijana wa Birmingham ambao hata kwao hawakuvuma. Nilidhani nchi hii nzima ni mimi tu niliye nao, mimi na Ko Hset wa duka la kurekodia, aliyeninakilia.

Na kwa Kiingereza hauhusu mapenzi. Kuna mzee mshika funguo. Kila usiku anafunga milango yote ya nyumba kubwa, na waliofungiwa wanamwimbia: lala, babu, tutajifungulia wenyewe.

Mzee! Nchi hii inatawalwa na mzee mmoja ambaye hatajwi, na kila mtoto anamjua.

Maneno ya Kiburma ni safi kama maji ya kisima. Nimeandika: "Yanalingana." Sikudanganya. Yanalingana.


Jumatano, 9 Julai 1986

Nimegundua kinachoniuma kwenye nakala ya Lin Thant. Wamekata mwisho! Katika wimbo wenyewe, baada ya kibwagizo cha tatu, ngoma zinanyamaza ghafla. Gitaa linanyamaza. Zinabaki sauti nne tupu, zinapanda polepole kwa mahadhi mengine kabisa: kumekucha, nyumba tupu, madirisha wazi, na babu peke yake bado anahesabu funguo. Hapo ndipo roho ya wimbo ilipo. Lin Thant anaishia kwenye kibwagizo, sauti inafifia, basi. Kama kuletewa mohinga halafu bakuli liondolewe kabla hujanywa mchuzi.

Au aliogopa. Simlaumu. Mimi ningeogopa hata fimbo nne za mwanzo.

Sasa jambo la leo. Nilikuwa napanga majalada. Sikujua kama naimba, naapa. Mdomo umefungwa, pua tu. Nikageuka — Saya amesimama nyuma yangu, kikombe mkononi.

"Binti. Huo si wimbo wa kanda ya juzi?"

"Ndiyo, Saya. Samahani, Saya."

"Unaendelea hivyo?"

Nikarudisha jalada rafuni.

"Kwenye kanda unaishia mapema," akasema. Kisha, kama mtu aliyejikwaa: "Mimi sijui nyimbo. Kelele tu." Akaenda zake na chai yake.

Nilikuwa nimeimba ile sehemu iliyokatwa! Kati ya nyimbo zote, kati ya sehemu zote. Na yeye amejuaje kwamba kwenye kanda haipo? Lazima aliisikiliza baada ya sisi kuondoka. Kwa nini? Ananichunguza?

Sikula jioni. Mama kanipaka usoni thanaka, ule unga wa gome unaopoza, akidhani ni homa.


Alhamisi, 10 Julai 1986

Meja wa usalama alikuja. Hatukuwa tumeambiwa. Nadhifu, mpole, viatu havina hata tone la tope katika mvua hii — jambo lililoniogopesha kuliko bastola yake. Alisomea Uingereza miaka miwili, wanasema.

Alizungumza katikati ya chumba, sote tumesimama. Kanda ya Lin Thant imekwisha kupata muhuri, sawa. Lakini mtu amevujisha nakala, na kwenye bweni moja la chuo wanafunzi wanaimba wimbo wa tatu, upande wa pili, na wakifika kwenye neno "Baba" wanacheka. "Wanafunzi hawachekei wimbo wa mapenzi bure," akasema. "U Tha Zan, mahadhi haya ni ya wapi?"

"Sijui nyimbo, Meja," akasema Saya.

Ningenyamaza na yangepita! Lakini Shangazi Kyin, kwa moyo mweupe kabisa: "Mwulizeni Thuzar wetu! Huuimba huo hata akipanga majalada, kama kasuku."

"Kwa Kiburma?"

"Kwa ung'eng'e, Meja! Ana digrii huyu, si mchezo."

Kumbe siku nyingine huwa nafungua mdomo nisijue! Macho yote yakanigeukia. Nikasema ni wimbo wa kigeni, niliwahi kuusikia redioni. Redio gani, sikuulizwa. Meja akatabasamu. Akaagiza niandike maana ya maneno ya asili, niwasilishe Jumatatu. Kama ni safi, yamekwisha. Kama si safi, Lin Thant na aliyemtungia maneno wataitwa waje kueleza.

Watu wakiitwa kueleza, maelezo yao huchukua miaka.

Alipoondoka, Shangazi Kyin akanuna: "Nimekusifia mbele ya mkubwa na hata asante hunipi! Watoto wa siku hizi."


Jumamosi, 12 Julai 1986

Nimekwenda kwa Ko Hset. Duka limejaa watu wanaosubiri kurekodiwa. Nikamnong'oneza habari ya kanda ya bluu.

"Kanda gani, dada?" akasema kwa sauti, wote wasikie. "Mimi Birmingham naijua kwa jina tu, na jina lenyewe umelitaja wewe."

Kisha akanivuta nyuma ya pazia. Ameifuta yake. Juu yake amerekodi mahubiri ya mtawa, dakika tisini za subira. "Na wewe ichome," akasema. "Leo. Thuzar, unanisikia? Usiwe mpenzi wa muziki leo. Kesho utaendelea."

Sikuichoma. Niliisikiliza mara moja tu, sauti chini kabisa, sikio limegusa spika. Kisha nikaanza kuandika uongo.

Mshika funguo nimemfanya moyo. Nyumba nimeifanya kifua. Watu waliofungiwa — nimewafanya mapenzi, mapenzi yanaomba kutoka. Sehemu ya mwisho nimeiacha. Kwenye nakala haipo, nani ataiulizia?

Aibu yangu ni hii, naiandika hapa tu. Nilikusudia kuuandika wimbo mbovu. Wimbo wa kijinga, wa kupita. Lakini kibwagizo kilikuwa kinapwaya, sikuvumilia, nikakirekebisha. Kisha ubeti wa pili ukawa na vina na wa kwanza hauna. Nikaurekebisha nao. Kufika magharibi uongo wangu ulikuwa unaimbika! Niliimba wote, mdomo umefungwa, na ulikaa vizuri kuliko wa Lin Thant. Nikalia kidogo. Sijui kwa lipi.


Jumatatu, 14 Julai 1986

Nimemkabidhi Saya karatasi. Akasoma taratibu, mara mbili. Niliangalia mikono yake ili nisiangalie uso. Kidole chake kiligonga meza mara nne, kikatulia.

"Tafsiri nzuri," akasema. "Ina vina."

"Ndiyo, Saya."

"Nyimbo zao kwa kawaida hazina vina vya namna hii."

"Huu unavyo, Saya."

"Mm." Akaigeuza karatasi, kana kwamba nyuma kungekuwa na kingine. "Fupi, lakini."

Kisha akatia sahihi yake chini ya yangu! Hakulazimika. Ingetosha aipeleke kwa Meja na sahihi yangu peke yake. Sasa uongo una watu wawili, na mmoja hajui.

Jioni nilinunua laphet, majani ya chai ya kutafuna, nikawagawia wote, hata Shangazi Kyin. Akasema mjukuu wake ana rekodi moja tu na hiyo imekwaruzika, inarudia "nakupenda, nakupenda" mpaka mbwa wanabweka. Nilicheka sana. Nilicheka kupita kiasi, nadhani.


Jumanne, 15 Julai 1986

Meja ameisoma. Ameipenda! Lakini ana mpwa baharia, na meli yake inatia nanga keshokutwa, na mpwa, alipochezewa kanda ya Lin Thant kwa redio ya meli, amesema anayo albamu yenye wimbo huo.

"Ijumaa tutausikiliza pamoja," amemwambia Saya. "Nataka kuvisikia hivyo vina."


Ijumaa, 18 Julai 1986

Naandika mezani kwangu ili mikono iwe na kazi. Ukiwa mbali utadhani najaza majalada. Nimeambiwa nikae hapa, nje ya mlango wa Saya, mpaka niitwe. Ndani wapo wawili tu, Meja na Saya, na redio kaseti ya ofisi, imechomekwa kwenye umeme.

Kanda ya mpwa haina majina ya nyimbo. Kwa hiyo Meja ameanza mwanzo, upande wa kwanza. Anasikiliza yote!

Wimbo wa kwanza. Naujua pumzi kwa pumzi. Sikuwahi kuuona mrefu. Sasa ni mfupi mno.

Wa pili. Ule wa treni. Mpiga besi anakosea mahali fulani katikati na wameacha hivyohivyo. Siku zote nimempenda kwa kosa hilo. Leo amekosea tena, na hakuna aliyemkamata.

Wa tatu na wa nne wameisha, sikusikia kitu. Mvua imeongezeka juu ya bati. Ongezeka! Funika kila neno.

Wa tano ni wa polepole. Meja anasema kitu, sikushika. Saya anajibu: "Kelele tu, Meja."

Klak. Anageuza.

Upande wa pili, wa kwanza. Nimemwona Lin Thant mara moja tu, kwenye tamasha, kwa mbali, mdogo kama kidole. Ana mama pia, bila shaka. Anampaka thanaka.

Wa pili. Huu ndio mbovu kuliko zote kwenye albamu, na niliwahi kumwambia Ko Hset kwamba ningekuwa mimi ningeufuta. Nasikitika. Usiishe, wimbo mbovu. Rudia kibwagizo. Rudia!

Umeisha.

Mkwaruzo wa kanda tupu.

Tak, tak, tak, tak.

Gitaa. Anavuta pumzi aimbe — na sauti ikazama, nzito, nzito zaidi, kama mtu anayelala akiwa amesimama. Taa imezimika. Feni imesimama. Umeme umekatika!

Shangazi Kyin kwenye utusitusi wa mvua: "Umeme wa nchi hii siku nyingine una akili kuliko sisi." Hajui alichosema. Au anajua?

Meja ametoka. Amepita mbele ya meza yangu, hakunitazama. "Nina betri kwenye gari," amesema. Buti zimeshuka ngazi, ghorofa tatu. Betri! Hapo ndipo mwisho wangu ulipo, ndani ya gari la Meja.

Kimya. Mvua imepungua ghafla, kama mtu ameiambia.

Kuna mtu anaimba.

Ndani, nyuma ya mlango. Mdomo umefungwa, pua tu. Sauti nene, ya mtu mzima, haina mazoezi. Ameanzia palepale kanda ilipozama. Ubeti wa kwanza. Kibwagizo. Yuko peke yake humo. Ni Saya.

Labda ameukariri kutoka kwa Lin Thant. Wote wanaujua sasa, hata wanafunzi.

Kibwagizo cha pili. Ubeti. Cha tatu. Hapa Lin Thant anafifia. Hapa unaisha.

Hakuishia hapo.

Amenyamaza kidogo — muda uleule, sawasawa, pale ngoma zinaponyamaza — kisha akaanza kupanda. Ile sehemu. Mahadhi yale. Hakuna mahali duniani angeweza kuyapata ila kwenye wimbo wenyewe. Kutoka kwangu alisikia kipande tu, Jumatano ya juma lililopita, na yeye anakwenda mbele, anaimba mpaka nisikofika mimi.

Anaujua. Aliujua kabla yangu. "Fupi, lakini." Akatia sahihi!

Buti. Ngazi za chini.

Saya, nyamaza.

Hanyamazi. Amefika kwenye madirisha, na ile sauti nene imekuwa nyembamba, kama ya kijana. Nimekohoa. Nimekohoa tena, kwa nguvu. Hasikii. Naujua uziwi huo, Jumatano ile ulikuwa wangu.

Buti, ghorofa ya pili. Shangazi Kyin ameacha kutafuna. Anautazama mlango. Sasa ananitazama mimi.

Kasuku wa ofisi hii ni mimi. Kila mtu anajua, hata Meja aliambiwa. Akisikia wimbo, na ausikie kinywani mwangu.

Naweka kalamu chini