Kulitengua Neno la Kaka

Jumatatu, 3 Juni

Uji wa kaka Eliakimu, kijiko kwa kijiko, upande wa kushoto wa mdomo. Upande wa kulia umelala tangu kiharusi cha baada ya Pasaka. Nusu inaingia, nusu inarudi kwenye kitambaa. Wifi Naomi anakikamua, mimi nalisha. Baridi kali. Akheri yote imefunikwa na ukungu, mlima hatuuoni.

Mchana nimeandaa somo la Kiingereza la vijana wanaotafuta kazi ya kupandisha wageni mlimani. Neno la kesho ni ‘undo’. Kiswahili hukigawa kitu hiki kwa maneno mengi, kila moja na mahali pake. Kifungo cha shati unakifungua. Sweta unaifumua. Safari unaighairi. Uamuzi wa mkubwa hutenguliwa, mkataba hubatilishwa, gari hurudi rivasi. Kiini ni kimoja: kilichofanyika kirudi kuwa kama hakikufanyika.

Mifano mizuri. Sikufurahi. Siku hizi sifurahi wala sisikitiki.

Jumanne, 4 Juni

Somo limekwenda. Kijana mmoja aliuliza: “Mwalimu, nimemtumia mchumba ujumbe wa mchumba mwingine. Hapo natumia neno gani?” Mwenzake akamdaka: “Hapo hakuna neno, ndugu yangu. Kimbia tu.” Wakacheka mpaka benchi likaanguka. Mimi nilicheka kwa meno.

Nikawaeleza kwamba yapo mambo ambayo neno hili haliyafikii. Yai likishapasuka. Mti ukishang’olewa. Nilipotaja mti nikageuka, nikafuta ubao.

Zeki, mtoto wa kwanza wa kaka, aling’oa mibuni ya baba yake apande parachichi. Hakuomba. Kaka alikuwa msibani Tanga, akarudi akakuta mashimo. Akasimama mbele ya wazee wa ukoo akasema Zeki asikanyage tena boma hili, na yeye akifa Zeki asishike mchanga wa kaburi lake. Kwetu mtoto wa kwanza ndiye anayetupa mchanga kabla ya wote. Akizuiwa, ni kama hakuzaliwa hapa.

Zeki anaishi Kimandolu, anachomelea mageti. Kila Jumapili anakuja mpaka kwenye ua, anampa mama yake mkate na sabuni, anageuka.

Alhamisi, 6 Juni

Daktari amesema koo linachoka. Tujiandae.

Wifi aliita wazee. Walikuja watatu, mkubwa wao Mzee Anaeli. Nilikaa karibu na mlango, mahali pa wanawake, ingawa wawili kati yao niliwafundisha kusoma. Wifi aliomba jambo moja: mwanawe aruhusiwe kumzika baba yake.

Mchungaji, aliyekuja pamoja nao, alisema msamaha wa Mungu unatosha. Mzee Anaeli alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema Mungu hakuwapo kwenye mashimo yale, alikuwapo Eliakimu. Neno zito la baba huondolewa na baba mwenyewe. Anatia maziwa kinywani mwake, anampulizia mwanawe maziwa hayo kifuani, anamtaja jina. Hapo limekwisha. Mdomo mwingine hauwezi kumfanyia.

Nikasema: “Mzee, mdomo wenyewe ni huu, umekufa nusu.”

“Nusu nyingine ipo, Mwalimu. Ajaribu mbele yetu. Akishindwa, neno linabaki.”

Kwa hiyo ni Jumamosi. Wifi amelia jikoni. Mimi nimeosha vyombo.

Jumamosi, 8 Juni

Tulimtoa kaka kwa kiti mpaka kwenye ua, maana Zeki haruhusiwi kuingia. Zeki alikuja na jani la isale mkononi, lile la kuombea radhi. Amekonda. Akapiga magoti kwenye tope, akafungua vifungo vya shati.

“Shikamoo baba. Ni mimi.”

Kaka alimtazama kwa jicho moja. Muda mrefu. Wifi akamtilia maziwa mdomoni. Tukangoja. Koo likapanda, likashuka.

“Amemeza,” akasema Mzee Anaeli.

Tukarudia. Mara ya pili yakamtiririka kidevuni, yakaishia kwenye blanketi. Mzee wa tatu, aliyekaa kimya siku zote, akasema, “Hata mtoto mchanga anatema asichokitaka. Huyu kameza kwa hiari.” Hakuna aliyemkemea.

Ni udhaifu au ni hasira? Nimemjua kaka maisha yangu yote na sikuweza kutambua. Zeki alifunga vifungo vyake kuanzia chini. Hakuondoka. Ameomba kulala kwa jirani.

Jumapili, 9 Juni

Sikwenda kanisani. Nimelala mchana kutwa. Nimeota kwamba sioti chochote.

Jumanne, 11 Juni

Niandike kama ilivyokuwa.

Asubuhi, katikati ya uji wa maziwa, kaka alipaliwa. Uso ukawa wa bluu. Wifi akapiga kelele. Mimi na yeye hatuwezi kumwinua mwanamume yule. Zeki alisikia akiwa kwa jirani. Akaruka ua. Hakuuliza mtu. Akaingia ndani, akamkumbatia baba yake kwa mbele, akamwinua mzima mzima akimpiga mgongoni.

Kaka akakohoa. Kila kilichokuwa kinywani kikamrukia Zeki kifuani. Shati lilikuwa wazi, alitoka mbio.

Kaka alivuta pumzi chache, kichwa kikiwa begani kwa mwanawe. Kisha hakuvuta nyingine. Zeki aliendelea kumshika. Sisi wawili tulisimama tu. Mkononi nilikuwa bado na kijiko.

Jumatano, 12 Juni

Mzee Anaeli amekuja peke yake, akaniita nje. Alikuwa amesikia kwamba Zeki aliingia.

“Wewe ndiye ulikuwapo, Mwalimu. Uliona nini?”

“Niliona maziwa kifuani mwa Zeki. Yalitoka kinywani mwa baba yake.”

“Alipulizia?”

“Yalitoka kwa nguvu.”

“Alimtaja jina?”

“Alikuwa hawezi kutaja jina la mtu yeyote.”

Akanitazama. Mkongojo wake ukachora kitu ardhini, akakifuta kwa kiatu. Nilikuwa tayari kueleza zaidi, nimezoea kueleza. Angeuliza kama kaka alikusudia, ningesema sijui, na kila kitu kingerudi pale pale. Hakuuliza.

“Umejibu kama mtu aliyesoma,” akasema. Kisha: “Mwambie kijana atafute koleo la kaburini.”

Sikusikia nafuu. Nilikaa tu kwenye ngazi.

Ijumaa, 14 Juni

Tumemzika kaka saa tisa, kwenye mvua nyembamba. Mzee Anaeli alisogea pembeni, akampisha Zeki. Zeki akachota mchanga kwa mkono wa kulia, akatupa. Ulikuwa mzito kwa maji, ukaanguka kwa mshindo. Halafu wengine wakafuata.

Watu wameondoka. Wifi amepika loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando. Zeki ameketi ndani, mgongo ukutani, anakula bila kuinua macho. Sahani ilipokwisha mama yake alimwongezea.