Vipindi Vitupu vya Moraa

Toongabbie, Sydney
Jumatano

Mama Moraa mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mama mkwe anaendeleaje na mguu wake? Ameanza kutembea bila kushikwa? Na wewe, unapata usingizi? Najua kila mtu huko nyumbani Kenya anakuuliza utarudi lini kwa mumeo, na ndege zenyewe kila ukikata tiketi zinafutwa. Sisi kwa afya ya mwili hatujambo. Kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, bado tunapimwa corona puani kabla ya kuingia, na upande wetu huu wa Sydney bado tumefungiwa, polisi mpaka dukani. Chakula kipo, tushukuru.

Umeona ninaandika kwa kalamu kama zamani. Karatasi nitazipiga picha nikutumie. Kuongea kwa simu siwezi, maana ukisema, "Nipe Moraa," mimi hukujibu, "Anasoma," na huo ni uongo. Moraa haongei nami. Makosa ni yangu, na nataka uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwa Mama Mchungaji. Yule hachelewi, unamjua.

Ilianza na ratiba ya shule. Huu ndio mwaka wake wa mwisho wa sekondari, na alikuwa ameibandika ratiba kwenye friji. Nikaona mapengo, wenyewe wanayaita free. Jumanne baada ya chakula cha mchana, hakuna somo. Alhamisi asubuhi, hakuna somo. Kumbe alikuwa ameacha hisabati ya juu na kemia, na shule ikakubali! Mimi niliyefundisha Nyamira mpaka nywele zikaanza kunitoka, kwetu darasa lisilo na mwalimu lilikuwa aibu ya mwalimu wa zamu. Kipindi kitupu ni kelele na kuchora madawati. Nikapiga simu shuleni. Mama mmoja anayewashauri wanafunzi akanieleza kwa upole kwamba vipindi vile ni vya kujisomea, na kwamba masomo aliyobaki nayo Moraa yanatosha, tena si mepesi. Nikamwambia, "Madam, mimi ni mwalimu." Basi, akaniachia. Moraa akarudishwa kwenye masomo yote mawili. Alisema tu, "Okay, Dad." Nikajiona nimeshinda.

Halafu tukafungiwa, masomo yakaingia chumbani kwake kwa kompyuta. Alama zikaanza kushuka. Siku moja nilitoka kazini nikamkuta amelalia kibodi, mwalimu bado anaongea kwenye skrini. Nikasema moyoni, huyu uvivu umemwingia. Sikumuuliza. Nilimwamsha kwa sauti ile yangu ya gwaride.

Sasa ngoja nikuambie lililonivua nguo. Ushirika wetu wa Jumapili siku hizi uko kwa video, watu wa Guildford, wa Quakers Hill, wote tumo. Ulipofika wakati wa maombi, mchungaji akauliza nani ana hitaji. Nikawasha maiki. Nikasema, "Wapendwa, naomba tusimame na binti yangu. Roho ya uvivu imemwingia mwaka wa mtihani." Wueh! Watu wetu unawajua. Mama Mchungaji akalidaka: "Roho ya uvivu juu ya Moraa, ishindwe!" Na wote, "Ishindwe!" Jina la mtoto linaitwa, linarudiwa, na mimi nimefumba macho nikiitikia kwa nguvu kuliko wote.

Mara nikasikia, "Na mimi naweza omba?" Nikafumbua macho. Ni Moraa, yuko chumbani kwake, kamera imewashwa. Na alisema kwa Kiswahili, yeye ambaye hata ukimwita kula hujibu kwa Kiingereza. Alitaka wazee wote wamwelewe. Akaomba: "Mungu, asante. Saidia Baba aniulize hizo free nilikuwa nafanyanga nini. Hajawahi niuliza. Amina." Akatoka.

Kila mtu kwenye kile kisanduku chake akajifanya anatafuta kitu mezani. Mzee wa kanisa mzima, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikaenda mlangoni kwake nikamuuliza. Alijibu mara moja tu, bila kupaza sauti. Tangu uondoke, jioni zake si zake. Anapika, anafua, yunifomu zangu za kazini anazitenga na kuzipiga pasi ili virusi visituingie ndani. Kwenye vile vipindi vitupu ndiko alikomalizia kazi zote za shule. Mimi nikavijaza, na jioni sikumrudishia. Akawa anaanza kusoma mimi nikiwa nakoroma. Mama Moraa, tangu uende sijashika sufuria! Na nilikuwa nakusifia kwenye simu eti nyumba inajiendesha yenyewe. Naona haya hata kuandika.

Nilimpigia yule madam tena. Nilimwambia nimekosea, na Kiingereza changu chote kikanikimbia. Akasema bado inawezekana kuyaacha yale masomo mawili, ila ombi litoke kwa Moraa mwenyewe, si kwangu. Moraa ameshaomba, na wamemkubalia. Ni madam aliyeniambia.

Sasa ninapika mimi. Ugali wa kwanza ulikuwa na madonge. Naweka sahani mlangoni, inarudi tupu, lakini neno hakuna. Nilimwomba msamaha pale pale mlangoni. Nikafikiri, nilimwaibisha mbele ya watu, nitamwombaje radhi kwenye korido? Nimemwomba mchungaji nafasi Jumapili. Nitasema mbele ya hao hao kwamba mvivu wa nyumba hii ni mimi. Kaka yangu mkubwa akisikia atauliza tangu lini mzazi akamwomba mtoto msamaha hadharani. Mwache aulize. Na wewe ukiongea na Moraa, tafadhali usinitetee.

Nisalimie mama mkwe, umwambie afanye mazoezi kama daktari alivyosema. Nisalimie shemeji yangu anayekusaidia kumwinua, na dada yangu wa pale sokoni. Kaka yangu msalimie pia, lakini barua usimwonyeshe.

Ni mimi mumeo, mwenye aibu na mwenye kukungoja,
Baba Moraa

Tena: nilikuwa nimeshatia sahihi, nimerudi kusugua sufuria, mlango wake ukafunguka. Amesimama jikoni akinitazama. Akasema, "Jumapili iwe fupi, Baba. Wewe ukipewa maiki huachi." Akachukua kitambaa aanze kupangusa sahani. Nimemnyang'anya, nimemwambia aende akalale.